Ulibonyeza "Nakubali" Bila Kusoma: Stori Ndefu ya Leseni za Programu

Oktoba 2019, wabunifu wa Venezuela walipata taarifa kutoka kwa Adobe. Akaunti zao zinafungwa. Si za wezi, si za waliochelewa kulipa. Zote. Mwezi wa Agosti rais wa Marekani alikuwa ametia saini amri ya vikwazo dhidi ya serikali ya Venezuela, na Adobe ikaisoma hiyo amri ikaona haiwezi tena kumhudumia mtu yeyote aliye nchini humo. Watu wakapewa hadi tarehe 28 kupakua kazi zao kabla mlango haujafungwa. Mwanzoni waliambiwa hata pesa walizokuwa wamelipa hazitarudishwa.

Hebu jiweke hapo. Wewe ni mse wa kuchora mabango Caracas, hujawahi kukutana na waziri yeyote, umelipa kila mwezi bila kukosa, halafu faili zako za miaka 4 zina siku ya mwisho kama maziwa ya paketi.

Tarehe 28 ilipofika, Adobe ikaja na habari nyingine: imepata kibali cha serikali ya Marekani, huduma zinarudi. Kwa hivyo hii stori iliisha vizuri, na ndiyo maana wengi wetu hata hatukuisikia. Lakini mimi nahariri video, hiyo ndiyo kazi inayonilipia nyumba, na hizo wiki chache za Venezuela zimenikaa kichwani. Wale watu walidhani wana vifaa vya kazi kama fundi alivyo na nyundo yake. Walichokuwa nacho ni ruhusa. Na ruhusa inaweza kuchukuliwa na mtu ambaye hakujui, kwa sababu isiyokuhusu.

Hiyo ruhusa ndiyo inaitwa leseni. Jina linachosha, najua. Vumilia, kwa sababu ina historia tamu kuliko unavyodhani, na haikuanza na intaneti.

Turudi nyuma hadi miaka ya 1960. Kompyuta ilikuwa inajaza chumba, na kampuni iliyotawala biashara hiyo ilikuwa IBM ya Marekani. Wateja wengi hawakuinunua hiyo mashine, waliikodi. Programu je? Programu zilikuja tu, pamoja na mafunzo na mafundi wa kuja kurekebisha. Ni kama ukinunua chipsi mtaani: tomato sosi haina bei yake, unajimwagia.

Sasa kulikuwa na jamaa anaitwa Martin Goetz, wa kampuni ndogo iliyoitwa Applied Data Research. Hawa walikuwa wanauza sosi peke yake. Programu yao Autoflow ilikuwa sokoni tangu 1965. Shida unaiona: utauzaje sosi kama jirani yako mkubwa anaigawa bure? Goetz hakukaa kulalamika. Mwaka 1968 alipata hataza ya Marekani kwa mbinu yake ya kupanga data, na hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa hataza ya kwanza ya programu ya kompyuta. Aprili 1969 kampuni yake ikaishtaki IBM. Miezi michache kabla, Januari, serikali ya Marekani yenyewe ilikuwa imeipeleka IBM mahakamani kwa sheria za kuzuia ukiritimba.

Tarehe 23 Juni 1969 IBM ikatangaza kwamba kuanzia sasa baadhi ya programu zake zitakuwa na bei yake, mbali na mashine. Wanahistoria wa kompyuta huhesabu siku hiyo kama mwanzo wa biashara ya programu. Kesi ya serikali, kwa taarifa yako, ilijivuta hadi Januari 1982 kisha ikaachwa. Mahakama za kwetu zisijione ziko peke yake.

Kitu ambacho hakisemwi sana ni hiki: hizo programu za IBM hazikuuzwa. Zilitolewa kwa leseni, unalipa kila mwezi. Kwa hivyo mtu akikuambia kulipia programu kila mwezi ni ujanja mpya wa vijana wa California, mwambie ni mzee kuliko mama yake.

Bill Gates anaingia hapa, na anaingia akiwa na miaka 20. Wakati huo kompyuta ndogo za kujiunganishia nyumbani zilikuwa zimeanza kuuzwa, maarufu ikiwa Altair. Gates na Paul Allen waliandika programu ya BASIC ya hiyo mashine. Wapenzi wa kompyuta wa klabu moja ya California, Homebrew Computer Club, wakaipata ikiwa kwenye mkanda wa karatasi wenye matundu, wakaitoa nakala, wakagawana. Kama tulivyogawana filamu kwenye fleshi shuleni, tofauti ni kwamba huo ulikuwa mkanda wa karatasi.

Tarehe 3 Februari 1976 Gates akaandika barua ya wazi kwao. Hasira tupu. Alisema chini ya asilimia 10 ya wenye Altair ndio walionunua BASIC, na kwamba mapato yaliyokuwa yanaingia yalifanya kazi yao iwe na thamani ya chini ya dola 2 kwa saa. Ujumbe wake ulikuwa rahisi: mnalipia mashine, lakini mnaiba programu, sasa nani atakubali kukaa chini aandike programu nzuri bure?

Watu wa rika langu wanapenda kumcheka kwa hiyo barua. Mimi simcheki. Mtu yeyote ambaye amewahi kuona video yake imeibwa, jina lake limekatwa, na mwizi anapata watazamaji laki 3, anajua hiyo hasira. Kwa hapo Gates alikuwa sahihi. Kilichofuata ndicho kinachonishughulisha, maana huyo kijana aliyekuwa analia kuhusu wezi alijifunza haraka kwamba nguvu haiko kwenye programu, iko kwenye karatasi.

Cheki kati ya 1980 na 1981. IBM inataka mfumo endeshi wa kompyuta yake ndogo mpya. Microsoft haina. Inanunua mmoja kutoka kampuni nyingine ya Seattle, jumla dola 75,000 hivi, inaupanga upya, inaupa IBM. Lakini katika mkataba Microsoft inabaki na haki ya kuuza mfumo huo huo kwa watengenezaji wengine. Ni hapo tu. Kampuni nyingine zilipoanza kuiga kompyuta ya IBM, zote zililazimika kubisha mlango wa Microsoft. Kipengele kimoja cha mkataba kilijenga utajiri ambao hakuna msimbo wowote ungeujenga.

Baadaye wakaongeza kingine cha hatari zaidi. Mtengenezaji wa kompyuta angeweza kupewa bei nafuu akikubali kuilipa Microsoft kwa kila mashine inayotoka kiwandani, hata kama mashine hiyo haina mfumo wa Microsoft ndani yake. Soma hiyo tena. Ukitaka kumwekea mteja mfumo wa mshindani, unalipa mara mbili. Kwa hivyo huweki. Ilichukua hadi Julai 1994 kwa serikali ya Marekani kufikia makubaliano na Microsoft ya kuacha mtindo huo.

Kumbuka hilo jambo la kuhesabu. Leseni zote zina swali moja lililojificha: tunahesabu nini? Mashine? Watu? Saa? Ukijua wanahesabu nini, unajua bili itapanda kutoka upande gani. Nitarudi hapo.

Mpaka sasa nimeongea juu ya makampuni yenye mawakili. Wewe na mimi tuliingiaje? Tuliingia kupitia karatasi ya plastiki. Miaka ya 1980 na 1990 programu iliuzwa kwenye boksi dukani, na ndani ya boksi kulikuwa na masharti yanayosema: ukifungua na kutumia, umekubali. Wanasheria wengi waliona hiyo ni mzaha. Utakubalije kitu ambacho umeshakilipia kabla hujakiona?

Jibu lilikuja 1996, katika kesi ya ProCD dhidi ya Matthew Zeidenberg. ProCD ilikuwa imekusanya vitabu vya simu zaidi ya 3,000 vya Marekani ikaviweka kwenye CD. Wafanyabiashara walilipa bei kubwa, watu wa kawaida bei ndogo, na leseni ya bei ndogo ilikataza biashara. Zeidenberg, mwanafunzi wa Madison, Wisconsin, akanunua ya bei ndogo dukani, akaanza kuuza hizo data mtandaoni kwa bei ya chini zaidi. Mahakama ya kwanza ilimpa ushindi. Mahakama ya Rufaa ikaugeuza: masharti ya ndani ya boksi yanamfunga mnunuzi, mradi alikuwa na nafasi ya kuyasoma na kurudisha bidhaa asipoyapenda.

Kitufe cha "Nakubali" kwenye simu yako ni mjukuu wa hiyo hukumu. Kila siku tunasaini mikataba ambayo ingechukua jioni nzima kusoma, tukiwa kwenye matatu, kwa kidole gumba.

Mwaka 2010 mahakama nyingine ya rufaa ya Marekani ilikwenda mbali zaidi. Timothy Vernor alikuwa anauza kwenye eBay nakala halali, zilizotumika, za programu ya kuchora ramani za majengo ya Autodesk. Mahakama ikasema wale waliomuuzia hawakuwa wamiliki, walikuwa na leseni tu, kwa hivyo hawakuwa na cha kuuza. Miaka 2 baadaye, Julai 2012, mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua karibu kinyume katika kesi ya UsedSoft na Oracle: ukilipia leseni isiyo na mwisho wa muda, hiyo ni mauzo, unaweza kuuza tena nakala yako. Kitu kile kile, bahari moja katikati, na wewe ni mmiliki upande mmoja na mpangaji upande mwingine.

Na sisi? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaiweka programu ya kompyuta katika kundi la kazi za kifasihi. Ndiyo, pamoja na riwaya. Kwa hivyo ile programu ya kukreki ambayo jamaa wa saiba anakuwekea kwa mia 5, mbele ya sheria ni kama kitabu kilichochapishwa usiku bila mwandishi kujua. Najua kila mtu anafanya. Najua pia bei ya leseni kwa dola ikigeuzwa kuwa shilingi inaweza kula kodi ya nyumba. Lakini wasee, kreki si uasi dhidi ya hayo makampuni. Inakufundisha vifaa vyao, inakufanya usijue vingine, na siku ukipata mteja wa maana anayetaka risiti na faili safi, unarudi kwao ukiwa umepiga magoti.

Uasi wa kweli ulikuwa na leseni yake. Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya MIT, alitangaza mradi wa GNU Septemba 1983: mfumo mzima ambao mtu yeyote anaweza kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Akili yake kubwa haikuwa kukataa hakimiliki. Aliigeuza. Leseni yake ya GPL, toleo la kwanza 1989, inasema chukua, badilisha, uza hata ukitaka, lakini ukigawa ulichobadilisha lazima uwape wengine haki zile zile ulizopewa. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki wa miaka 21, Linus Torvalds, akaanzisha Linux, na 1992 akaiweka chini ya GPL. Simu yako kama ni Android, chini kabisa inaendeshwa na Linux. Simu nyingi mno mtaani kwako zinaishi kwa neema ya hiyo karatasi.

Na Kenya tuna yetu. Ushahidi, ile ramani iliyozaliwa wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, ilitolewa kama programu huria, na 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa Nairobi.

Haya, sasa tuingie kwenye miaka ambayo mnaikumbuka.

Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba CS6 ndiyo ya mwisho ya kununua mara moja. Kuanzia hapo ni kulipa kila mwezi, usipolipa inazima. Makumi ya maelfu ya watu walitia saini malalamiko. Haikusaidia, na mapato ya kampuni yalipanda sana miaka iliyofuata, kwa hivyo wengine wote wakajifunza kutoka kwake. Mei 2019 watumiaji wa matoleo ya zamani ya Creative Cloud wakapata barua kwamba hawana tena leseni ya kuyatumia, na kwamba wakiendelea wanaweza kudaiwa na watu wengine. Hawa ni watu wanaolipa! Ile stori ya Venezuela ilifuata miezi 5 tu baadaye.

Huo ndio wakati ambapo kufuatilia masharti kuligeuka kuwa kazi. Zamani ulisoma mara moja, boksi likakaa. Siku hizi karatasi inabadilika huku umeishika.

Mfano ninaoupenda, kwa ubaya wake, ni Java. Sun iliitoa 1995, bure kutumia, na shule, benki, serikali na makampuni duniani kote zikajenga juu yake. Oracle ikainunua Sun Januari 2010. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyehisi kitu. Kisha 2019 leseni ikabadilika: masasisho mapya ya Java 8 kutoka Oracle kwa kazi za biashara yanalipiwa. Septemba 2021 upepo ukageuka tena, Java 17 ikatolewa bure hata kwa biashara kwa muda fulani. Watu wakashusha pumzi. Januari 2023 ukaja mpango mwingine wa kulipia, na huu ndio nilikuambia nitarudi: wanahesabu nini? Wanahesabu wafanyakazi. Si wanaotumia Java. Wafanyakazi wote, wa kudumu, wa muda, wa vibarua, na hata wale wa makontrakta wanaosaidia shughuli zako za ndani.

Piga hesabu. Bei ya kuanzia ilikuwa dola 15 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi. Kampuni ya watu 100, ambapo programu moja ya zamani kwenye seva moja inahitaji hiyo Java, inaangalia dola 18,000 kwa mwaka. Mpishi wa ofisi anahesabiwa. Dereva anahesabiwa. Hawajawahi kusikia hilo neno Java ila kama ni kisiwa.

Na njia ya kutoka ilikuwepo muda wote, bure: OpenJDK, Java ile ile, chini ya GPL, na makampuni kadhaa yanaitoa ikiwa tayari kusakinishwa. Aliyefuatilia masharti alihama 2019. Ambaye hakufuatilia alikuja kujua alipopokea barua ya kuulizwa ana wafanyakazi wangapi.

Binamu yangu ana duka la vipuri vya magari Kirinyaga Road. Stoo na hesabu zake zote ziko kwenye programu aliyoilipia mara moja, kampuni sitaitaja. Siku moja ikaja barua pepe ya Kiingereza kirefu: toleo hilo halitapata masasisho tena, toleo jipya ni la kulipia kila mwezi kwa kila mtumiaji. Ilikaa kwenye kikasha chake wiki kadhaa kati ya matangazo ya mkopo. Yeye ana watumiaji 5, kwa sababu kila kijana wa kaunta ana akaunti yake. Tulipokaa naye kupiga hesabu tuligundua jambo la kuudhi zaidi ya bei: data yake ya miaka 6 ingetoka kwenye hiyo programu kwa namna moja tu, ripoti moja moja. Tulizitoa zote. Jumapili 2 mfululizo, soda na mandazi. Akapata muda wa kuamua bila kushikwa koo, na mwishowe akahamia kwingine.

Stori ya Unity naiweka hapa kwa sababu ndiyo iliyowagusa watu wa umri wetu moja kwa moja. Unity ni injini ya kutengenezea gemu, na sehemu kubwa sana ya gemu za simu duniani zimejengwa nayo. Vijana wengi wa hapa walianza nayo kwa sababu mwanzo haulipi chochote. Tarehe 12 Septemba 2023 kampuni ikatangaza ada mpya kuanzia Januari 2024: kila gemu yako ikisakinishwa, unalipa, hadi senti 20 za dola kwa mara moja. Ada ilianza ukishapita mapato ya dola 200,000 kwa mwaka na usakinishaji 200,000 tangu gemu itoke. Unaweza kusema hizo ni pesa za wakubwa. Lakini gemu ya bure inayolishwa na matangazo inaweza kusakinishwa mara milioni nyingi na kila mchezaji akakuletea senti chache tu. Na ada ilihusu hata gemu zilizokwisha kutoka, zilizojengwa chini ya masharti ya zamani.

Kilichowachoma watu zaidi ni kumbukumbu. Mwaka 2019, baada ya ugomvi mwingine kuhusu masharti, Unity iliahidi kwamba ukibaki na toleo lako la zamani unaweza kubaki na masharti yake, na ikaweka masharti hadharani kwenye GitHub ili kila badiliko lionekane. Watu walipokwenda kuangalia 2023, ukurasa ule ulikuwa umeondolewa. Nakala walizokuwa wamejihifadhia ndizo zikawa ushahidi.

Ndani ya siku 10 kampuni ikalegeza. Oktoba mkurugenzi mkuu, John Riccitiello, akaondoka. Septemba 2024 mkurugenzi mpya akaifuta ada hiyo kabisa. Lakini wengi walishahamia Godot, injini huria iliyoanzia Argentina na kutolewa bure 2014. Hiyo ndiyo mara chache nimeona watumiaji wakishinda, na walishinda kwa sababu mbili: walikuwa wengi, na walikuwa wameweka nakala.

Programu huria nazo hazina kinga kamili, na hapa mashabiki wa programu huria hawapendi kuniskiza. Agosti 2023 HashiCorp, watengenezaji wa Terraform, waliondoa leseni yao huria wakaweka yenye mipaka kwa washindani. Machi 2024 Redis ikafanya jambo la aina hiyo. Tofauti ni kilichofuata. Kwa sababu msimbo wa zamani ulikuwa tayari umetolewa kwa leseni huria, hakuna aliyeweza kuurudisha, na watu wakauchukua wakaendelea nao chini ya majina mapya: OpenTofu kwa Terraform, Valkey kwa Redis, zote chini ya Linux Foundation. Redis ilirudi kwenye leseni huria Mei 2025. Linganisha na VMware: Broadcom ilimaliza kuinunua Novemba 2023, na Desemba hiyo hiyo ikaacha kuuza leseni za kudumu. Wateja wa hiyo hawakuwa na msimbo wa kuchukua na kuondoka nao.

Na HashiCorp ilinunuliwa na nani? IBM. Ilimalizika Februari 2025.

Mnaniuliza kila mara mimi nafanyaje. Sisomi kila neno, hakuna mwenye huo muda. Kwa kila programu inayoniingizia pesa, na ziko 6 tu, ninahifadhi masharti kama faili siku ninapolipa, pamoja na tarehe. Barua pepe yenye maneno "tumesasisha masharti yetu" haiendi kwenye takataka, ina folda yake, na naifungua na ile faili ya zamani kando nitafute kilichobadilika. Naangalia wanahesabu nini. Naangalia ni siku ngapi wanatoa kabla badiliko halijaanza, na kama kuvunja mkataba kuna faini, maana Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe kuhusu hilo hilo, kwamba ilificha ada ya kuacha mapema. Kisha najaribu kitu ambacho wengi hawajaribu mpaka wamechelewa: natoa mradi mmoja kwenye programu hiyo, naufungua kwenye nyingine. Ukifunguka, nalala. Usipofunguka, natafuta namna kabla sijaongeza mteja mwingine. DaVinci Resolve ya bure imenibeba sana hapo, na Kdenlive iko chini ya GPL kwa yeyote mwenye laptopu ya nguvu kidogo.

Kazi hiyo yote inachukua kama saa moja kwa mwezi.

Posti ijayo nataka kugusa leseni za fonti, kwa sababu kuna mtu amenitumia bango lake la harusi akiuliza kama herufi alizopakua zikisema "kwa matumizi binafsi" zinaruhusu kulipwa elfu 3 na bwana harusi. Hapana, haziruhusu. Lakini kuna zinazoruhusu, na ni nyingi. Nitumie fonti unazotumia nizichunguze kabla ya Ijumaa.